Jina la Mhusika Lilipomeza Jina la Mtunzi: Wachoraji wa Hadithi za Picha katika Kiswahili

Utangulizi

Maktaba yangu ya kwanza ilikuwa ukuta wa jiko la nyanya yangu. Nyumba ilikuwa ya udongo, na ili kuzuia vumbi na upepo, nyanya alikuwa amebandika magazeti ukuta mzima kwa uji wa unga. Mengi yalikuwa nakala za Taifa Leo, zilizogeuka rangi kwa moshi. Siasa sikuielewa na michezo haikunihusu, lakini upande wa kushoto wa dirisha, kimo changu hasa, palikuwa na Juha Kalulu. Niliisoma hadithi hiyo mara zisizo na idadi. Haikunichosha, maana sikuwahi kuona mwisho wake: fremu ya mwisho ilikuwa imefunikwa na ukurasa mwingine wenye tangazo la kifo. Kila jioni, nikingoja chakula kiive, niliubuni mwisho upya.

Miaka mingi baadaye, tukiwa kikundi cha wanafunzi wa Kiswahili tuliokuwa tukijadili fasihi pendwa, niliwauliza wenzangu kama wanamjua Juha Kalulu. Kicheko kilijibu kabla ya midomo. Wote walimjua. Nikauliza tena: ni nani aliyemtunga? Kimya. Watu waliokuwa na uwezo wa kutaja tarehe ya kuzaliwa kwa Shaaban Robert bila kupepesa macho hawakuwa na jina la mtu aliyewachekesha utotoni mwao wote. Nami, msomaji mpendwa, sikulijua. Nililazimika kwenda kulitafuta.

Makala haya yanadhamiria kufanya mambo matatu. Kwanza, kueleza namna kibonzo kinavyofanya kazi kama utanzu wa fasihi. Pili, kuwatambulisha baadhi ya wachoraji ambao taaluma yetu inawadai shukrani. Tatu, kuchunguza kwa nini wamesahauliwa na lipi lifanyike kabla kazi zao hazijapotea. Hoja kuu ni moja: mchoraji wa hadithi za picha katika Kiswahili ni mtunzi, na anastahili kusomwa na kuhakikiwa kama watunzi wengine.

Kibonzo na Kanuni Zake

Ni vyema kutofautisha aina tatu za kazi ambazo mara nyingi hutiwa katika kapu moja. Kuna kibonzo cha tahariri, ambacho huwa na fremu moja na hulenga tukio la siku, hasa la kisiasa. Kuna kibonzo cha hadithi fupi, chenye fremu tatu au nne, ambacho hutokea gazetini kila siku kikiwa na wahusika wale wale. Kisha kuna hadithi ndefu ya picha, ambayo huchukua kurasa kadhaa za jarida au kitabu kizima. Wachoraji wa aina ya kwanza wamepata umaarufu wa kiasi chake. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kama Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na gazeti la Nation mjini Nairobi mwaka 1992, anafahamika hata ng'ambo. Makala haya yanahusu zaidi aina ya pili na ya tatu, kwa kuwa huko ndiko kuna usimulizi, na huko ndiko kuna usahaulifu mkubwa.

Ili tuone jinsi utanzu huu unavyofanya kazi, na tuchukue mfano mdogo niliojitungia. Katika fremu ya kwanza, mzee amesimama wima juu ya mtumbwi, kidole juu, akimwonya mwanawe: "Mtu makini hatelezi!" Katika fremu ya pili, mtumbwi umebaki na mtoto peke yake, maji yametapakaa, na neno moja limeandikwa kwa herufi kubwa: CHUBWI! Katika fremu ya tatu, kofia ya mzee inaelea, na mtoto, akiwa ameushika upondo kwa heshima zote, anasema: "Naam, baba."

Hakuna mahali mzee amechorwa akianguka. Anguko hilo limo katika nafasi nyembamba iliyo kati ya fremu ya kwanza na ya pili, na aliyelitenda ni msomaji mwenyewe. Hii ndiyo siri ya kwanza ya kibonzo: humwachia msomaji kazi, kama fumbo linavyomwachia mteguaji. Siri ya pili ni tanakali ya sauti. Tanakali ambazo sisi huzikariri kwa ajili ya mtihani, mchoraji huzipa umbo, ukubwa na mahali, zikaonekana kwa macho. Siri ya tatu ni rejista. Kicheko cha mfano wetu hakitokani na kuanguka tu. Kinatokana na adabu ya mtoto isiyotetereka mbele ya baba aliyetota. Toa neno "naam", weka "sawa", na nusu ya kicheko itakwenda na maji.

Tena, mpenzi wa ushairi atatambua jambo jingine. Kibonzo cha fremu tatu kina nidhamu inayofanana na ya tathlitha, na kile cha fremu nne kinakaribiana na tarbia. Mwanzo huweka hali, mloto na mleo huikuza, na fremu ya mwisho hufanya kazi ya kituo: hufunga na papo hapo hugeuza maana ya yote yaliyotangulia. Anayeweza kufanya hivyo mara moja ni mcheshi. Anayefanya hivyo kila siku, mwaka baada ya mwaka, mbele ya hadhira isiyomjua, ni bingwa.

Edward Gitau na Juha Kalulu

Bingwa huyo kwetu Kenya ni Edward Gitau. Juha Kalulu alizaliwa katika miaka ya 1950, nchi ikiwa bado koloni. Mhusika huyo alivuka Uhuru wa mwaka 1963, akapita enzi ya Jomo Kenyatta na ya Daniel arap Moi, na Mwai Kibaki alipoingia Ikulu mwezi wa Desemba mwaka 2002, Juha bado alikuwa akisomwa katika Taifa Leo. Ni vigumu kutaja kazi nyingine ya ubunifu katika Kiswahili cha Kenya iliyoendelezwa na mkono mmoja kwa zaidi ya nusu karne, na ikasomwa na watu wa vizazi vitatu katika nyumba moja.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Juha, kwa maana ya mpumbavu, ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na katika ngano za Waarabu Juha ni yule mjinga ambaye ujinga wake mara nyingi huwaumbua wenye akili. Kalulu nalo ni jina la sungura katika lugha kadhaa za Kibantu za upande wa kusini, zikiwemo za Malawi na Zambia. Sungura, kama tujuavyo, ndiye mjanja wa ngano zetu. Kwa hiyo mhusika huyu ni mjinga na mjanja katika jina moja. Hiyo ni tanakuzi, na ni majazi pia, kwa kuwa jina limebeba tabia. Zaidi ya hayo, jina hili limeunganisha pande mbili za urithi wa Kiswahili, ule wa Bahari ya Hindi na ule wa bara la Kibantu. Wanaisimu wameandika vitabu vizima kueleza muungano huo. Gitau aliuweka katika maneno mawili, akawapa watu wacheke.

Kuna jambo la kielimu pia. Wasomaji wengi wa bara, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu, walikutana na lugha hii kwa mara ya kwanza wakiwa darasani, mahali pa masahihisho na pengine pa kiboko. Katika kibonzo walikutana nayo bila hofu. Picha ilisaidia neno, neno likasaidia picha, na msamiati ukaingia bila kubisha hodi. Mimi ni shahidi wa hilo, na ukuta wa nyanya ni shahidi wangu.

Christian Gregory, Philip Ndunguru na Majarida ya Tanzania

Tukivuka mpaka tunamkuta Christian Gregory, aliyemtunga Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Uhuru lilikuwa gazeti la chama cha TANU, na Chakubanga alichekesha watu katika zama za Ujamaa zilizofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kuchekesha katika gazeti la chama tawala si jambo jepesi. Kicheko kina mipaka, na mchoraji lazima ajue mpaka uko wapi, asogee hadi ukingoni, asivuke. Hilo ni somo zuri kwa yeyote anayetafiti uhusiano wa fasihi na utawala, na ni ajabu kwamba tasnifu zetu hulitafuta somo hilo katika tamthilia na riwaya peke yake.

Baada ya Gregory alikuja kijana Philip Ndunguru. Jina lake linahusishwa zaidi na Sani, jarida la Dar es Salaam lililopata wasomaji wengi katika miaka ya 1980. Sani lilikuwa sokoni nchi ikiwa na dhiki ya uchumi, bidhaa zikiwa adimu na maisha ya mjini yakiwa ya kubahatisha. Ndunguru aliwapa wasomaji wahusika waliofanana na majirani zao. Miongoni mwao ni Ndumilakuwili na Lodi Lofa.

Hapa tena majina yanasema. Ndumilakuwili ni neno la Kiswahili sanifu lenye kumaanisha mtu mwenye ndimi mbili, anayekupuliza huku akikuuma. Lodi Lofa ni tanakuzi nyingine. "Lodi" ni lile neno la Kiingereza la kumwita bwana mkubwa mwenye cheo, na "lofa" ni mtu asiye na kazi wala senti. Bwana mkubwa asiye na kitu! Kwa maneno mawili yaliyokopwa kwa mkoloni, mchoraji amemchora kijana wa mjini mwenye majivuno ya tajiri na mfuko wa maskini. Mhakiki wa riwaya angehitaji ukurasa mzima kuieleza hali hiyo.

Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika wake hawakufa naye. Wachoraji wengine waliwarithi na kuwaendeleza, na wasomaji wakaendelea kucheka. Hapo ndipo tunapoliona jambo lililotupa anwani ya makala haya. Mwandishi wa riwaya akifariki, jina lake hubaki kwenye jalada. Mchoraji akifariki, mhusika hupata mkono mwingine, na msomaji hajui hata kwamba pametokea msiba.

Kutoka Pichadithi hadi Shujaaz

Nairobi nayo ilikuwa na warsha yake. Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya katika miaka ya 1960, alishirikiana na mwanahabari Hilary Ng'weno kuanzisha jarida la Joe mwaka 1973, jarida la ucheshi wa mwananchi wa kawaida wa mjini. Katika miaka ya 1980 Hirst alihusika na mfululizo wa Pichadithi, uliozigeuza ngano na visakale vya Kiafrika kuwa hadithi za picha. Neno Pichadithi ni uundaji wa istilahi uliofaulu vizuri: picha na hadithi zimeshikana hadi silabi zikakopeshana. Lakini tazama kinaya chake. Jina lilikuwa la Kiswahili, ilhali lugha kuu ya mfululizo huo ilikuwa Kiingereza. Wapenzi wa Kiswahili tulipewa mlango, tukakosa nyumba.

Aliyechora katika mazingira hayo hayo ni Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya maskani yake Nairobi kwa zaidi ya miaka thelathini. Odoi alitunga Akokhan, hadithi ndefu ya nguvu za miungu na wanadamu, na Golgoti, hadithi ya Mzungu anayejikuta mikononi mwa Waafrika. Ili kuuthamini uzito wa Golgoti, ni sharti tukumbuke kwamba kati ya mwaka 1930 na 1931 Mbelgiji Hergé alichora safari ya Tintin nchini Kongo, nchi ambayo hakuwa amefika. Kwa miaka mingi Mwafrika wa hadithi za picha alikuwa yule aliyebuniwa Ulaya. Odoi aliigeuza kamera. Safari hii Mwafrika ndiye mtazamaji, na Mzungu ndiye kioja. Odoi alifariki mwaka 2012 katika ajali ya matatu mjini Nairobi.

Katika karne hii, mkondo huo umeendelezwa na Shujaaz, jarida la vibonzo lililoanzishwa nchini Kenya mwaka 2010 na kusambazwa bila malipo kwa vijana. Lugha yake ni Sheng, na hilo limezua mjadala mkali miongoni mwetu. Wapo wanaoona kwamba linaharibu Kiswahili, na wapo wanaoona kwamba linakisajili Kiswahili cha vijana kama kilivyo. Mjadala huo una haki ya kuendelea. Hata hivyo, ni vyema tukiri kwamba katika mabishano yetu yote kuhusu lugha ya jarida hilo, ni mara chache tumetaja jina la msanii hata mmoja aliyelichora. Kosa la zamani tumelirudia mchana kweupe.

Kwa Nini Hawatambuliwi?

Sababu ni kadhaa. Ya kwanza ni dhana kwamba kinachochekesha hakina uzito. Dhana hii ni ngeni katika utamaduni wetu. Ngano za Abunuwasi na za sungura huchekesha, na hakuna anayezitoa katika silabasi kwa sababu hiyo.

Ya pili ni kwamba kibonzo kimekaa mpakani. Idara ya sanaa husema kwamba ni maneno, ya fasihi husema kwamba ni picha, na ya uanahabari husema kwamba ni burudani. Mtoto wa walezi watatu hulala njaa.

Ya tatu ni karatasi. Kitabu huhifadhiwa, lakini gazeti la leo hufungia nyama kesho. Kazi ya miaka hamsini ya mchoraji imetawanyika katika maelfu ya kurasa ambazo hazikutengenezwa zidumu.

Ya nne inatuhusu sisi wenyewe. Kazi nzuri za utafiti zipo, lakini si nyingi zilizotoka kwetu. Mtafiti Jigal Beez wa Ujerumani, kwa mfano, ameandika kuhusu vibonzo vya awali vya Kiswahili, katika kitabu kuhusu sanaa ya vibonzo barani Afrika kilichohaririwa na John A. Lent mwaka 2009. Tunamshukuru. Lakini si ajabu kwamba anayetaka kumjua Juha wa jikoni kwao alazimike kumtafuta katika Kiingereza?

Wenzetu wa nchi nyingine hawakungoja. Ufaransa ina tamasha la hadithi za picha katika mji wa Angoulême tangu mwaka 1974, na Ubelgiji ilimfungulia Hergé makavazi yake mwaka 2009. Hatusemi kwamba tujenge makavazi kesho. Tunasema kwamba utambuzi huanza na kutaja jina.

Hapa yafaa tujihadhari. Kumtambua mtunzi si kumsifu bila kipimo. Vibonzo vyetu vina dosari zake. Vingi vimemchora mwanamke kama mke mgomvi au kishawishi cha barabarani. Vingine vimeyacheka makabila na ulemavu. Baadhi hurudia mzaha ule ule hadi unachacha. Mambo hayo yasemwe, na yasemwe kwa ushahidi. Lakini mtu hawezi kuikosoa kazi ambayo hakuikusanya, wala kumlaumu mtunzi ambaye hamjui kwa jina. Uhakiki wenyewe ni heshima, na ndiyo heshima tuliyowanyima.

Lipi Lifanyike?

Wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni wana uwezo wa kuanza bila kungoja ufadhili. Kwanza, maktaba kadhaa za vyuo vyetu zina mijalada ya magazeti ya zamani. Mwanafunzi mmoja akichukua mwaka mmoja wa Taifa Leo, akaorodhesha kila kibonzo kwa tarehe, jina la mchoraji na mada, tayari amejenga msingi ambao watafiti wa baadaye watasimama juu yake. Pili, wachoraji wakongwe na jamaa zao wahojiwe kwa ridhaa yao, maana yaliyo vichwani mwao hayana nakala. Tatu, wahadhiri waruhusu na kuhimiza tasnifu katika uwanja huu: mtindo, tanakali, majazi, taswira ya jinsia, Kiswahili cha bara na cha mjini. Nne, kila tunapokiweka kibonzo katika kitabu cha kiada au karatasi ya mtihani, tuliandike jina la aliyekichora. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na bado hatulifanyi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kibonzo kina kanuni, kina lugha na kina historia, na kwamba akina Gitau, Gregory, Ndunguru na Odoi si wapambaji wa kurasa bali ni watunzi. Wameipa fasihi yetu wahusika waliokita mizizi kuliko wahusika wengi wa riwaya tunazozitahini. Wahusika wakaishi, majina ya waliowaumba yakafifia.

Nyumba ya nyanya ilibomolewa alipojengewa ya mawe. Siku hiyo nilikwenda kuubandua ule ukurasa wa kushoto wa dirisha, nikitumaini kwamba hatimaye nitaiona fremu ya mwisho. Karatasi ilikuwa imeshikana na udongo, ikamomonyoka mikononi mwangu. Sijui hadithi ile iliishaje. Pengine nakala yake imo katika mjalada fulani, rafu fulani, katika chuo ambacho msomaji wa makala haya anasomea au kufundisha. Ukiipata, ndugu msomaji, usinipe mwisho wake tu. Liangalie na jina lililo pembeni mwa picha, ulinakili, ulitamke.